Waya, Skrubu au Bamba? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upasuaji wa Mifupa ya Wayo

Haya ni maswali ya kwenye benchi la kliniki ya mifupa, pale foleni inapokuwa ndefu na daktari ana dakika chache tu za kukuona. Mimi ni mtaalamu wa tibamaungo hapa Nairobi. Wagonjwa hunifikia wakiwa wameshatoka chumba cha upasuaji, na mara nyingi yale waliyoona haya kumuuliza daktari wananiuliza mimi. Nimeyajibu kwa jumla. Picha yako ya eksirei ameiona daktari wako, kwa hiyo neno la mwisho ni lake.

Jirani yangu wodini amewekewa waya, mimi nimeambiwa nitawekewa bamba. Nani kati yetu amepata matibabu bora?

Swali hili huwa na wasiwasi wa pesa ndani yake. Aliyewekewa waya hudhani amepewa matibabu ya maskini, na wa bamba hudhani ameuziwa kitu cha ghali bila sababu. Huenda wote wawili wamehudumiwa vizuri. Wayo mmoja una mifupa 26, na haifanyi kazi moja: kuna inayobeba uzito, kuna inayosukuma mwili mbele, na kuna ambayo kazi yake ni kukaa tuli tu.

Daktari huangalia mambo matatu: ni mfupa gani, umevunjika vipande vingapi, na ngozi iko katika hali gani. Hilo la tatu wagonjwa hawalifikirii kabisa, ilhali kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu kuliko yote. Ngozi ya juu ya wayo na ya pembeni mwa kisigino ni nyembamba, wala hakuna nyama ya kufunika chuma. Bamba la bei yoyote likiwekwa chini ya ngozi iliyokufa huishia kwenye usaha. Ndiyo maana mara nyingine daktari anayejua kazi yake huchagua njia inayoonekana duni.

Nimelazwa siku kadhaa na bado sijapasuliwa. Nimesahauliwa?

Huenda unasubiri nafasi ya chumba cha upasuaji, au idhini ya malipo, na una haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo. Lakini kwa kisigino na katikati ya wayo kuna sababu ya kitabibu pia: uvimbe. Mguu uliovimba ukipasuliwa, kidonda hakifungi. Madaktari wengi husubiri siku 7 hadi 14. Hawapendi kuvuka wiki tatu, kwa sababu mfupa huanza kushikana vibaya na kuurudisha mahali pake huwa kazi kubwa.

Utamwona daktari akija asubuhi, anaiminya ngozi kwa vidole viwili taratibu, anaangalia pembeni mwa kisigino. Anatafuta mikunjo. Ngozi iliyojaa maji hung'aa na kunyooka. Uvimbe ukishuka, vikunjo vidogo hurudi, na hapo ndipo huambiwa usile kuanzia usiku. Kama kuna malengelenge, hasa yenye damu ndani, atasubiri yakauke au atapitisha kisu mahali pengine.

Kazi yako katika siku hizo ni kuinua mguu juu kuliko kifua chako. Kuuweka juu ya stuli huku umeketi hakutoshi. Lala, weka mito miwili au mitatu, na usitoboe malengelenge mwenyewe.

Kwani kila mfupa wa wayo ukivunjika lazima upasuliwe?

La, na mingi haipasuliwi. Kidole kidogo hufungwa pamoja na jirani yake, ukavaa kiatu chenye soli ngumu kwa wiki nne hadi sita. Ile mifupa mirefu ya katikati ya wayo, wa pili hadi wa nne, mmoja ukivunjika bila kuhama, jirani zake huushikilia. Upasuaji huanza kufikiriwa vipande vikiachana kwa milimita 3 au 4 hivi, au vikipinda zaidi ya nyuzi 10, hasa kuelekea chini, maana kichwa cha mfupa kitakuwa kama kokoto ndani ya kiatu maisha yako yote.

Mfupa mrefu wa kwanza, ule wa kidole gumba, hauvumiliwi hivyo. Hubeba karibu maradufu ya uzito unaobebwa na kila mmoja wa wenzake, kwa hiyo ukihama hata kidogo daktari huwa mwepesi kushika kisu.

Waya unafanya kazi vipi, na kwa nini umeachwa nje ya ngozi?

Waya huu una jina la Martin Kirschner, daktari Mjerumani aliyeutambulisha mwaka 1909. Kwenye wayo hutumika wenye unene wa milimita 1 hadi 2 hivi. Daktari huuingiza kwa drili kupitia tundu dogo la ngozi huku akifuatilia kwenye skrini ya eksirei, unapita ndani ya mfupa, na ncha hukunjwa nje ili usizame. Hakuna kidonda kirefu cha kushona. Ndiyo maana kwa mguu uliovimba au uliochubuka, waya huwa chaguo la busara kuliko chuma kikubwa.

Udhaifu wake ni kwamba hushikilia tu, haubani. Vipande viwili vya mfupa vinaweza kuachana kidogo waya ukiwa ndani. Mdomo wa waya ni njia ya vijidudu, hivyo usafi wake haukwepeki. Pia unaweza kulegea na kutoka, au kukatika ukiukanyagia kabla ya wakati. Wanaoishi ghorofa ya tano kule Pipeline bila lifti wanajua jinsi kishawishi cha kukanyaga kinavyokuja kwenye ngazi.

Kuutoa ndiko watu wanakoogopa zaidi, na hofu hiyo ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Hufanyika kliniki baada ya wiki nne hadi sita, mara nyingi bila ganzi. Ngozi inasafishwa, koleo linashika ncha, linazungushwa kidogo, waya unatoka. Nimewaona wanaume wazima wakifumba macho na kung'ata meno, kisha wanauliza, "Imekwisha?" Hutoka tone moja au mawili ya damu, pamba inawekwa, basi.

Skrubu inafaa lini?

Pale ambapo vipande viwili vinahitaji kubanwa vishikane. Mfano mzuri ni mfupa mrefu wa tano, upande wa kidole kidogo, na hapo ningependa tukae kidogo kwa sababu watu wanachanganywa sana.

Mfupa huo huvunjika mahali tofauti karibu na shina lake. Ukivunjika kwenye ncha kabisa, pale mtu alipopinda mguu akakosa ngazi ya matatu, hupona kwa kiatu kigumu na subira. Ukivunjika mbele kidogo ya hapo, huitwa mvunjiko wa Jones, kwa jina la Robert Jones, daktari wa Liverpool aliyeueleza mwaka 1902 baada ya kuupata yeye mwenyewe akicheza dansi. Eneo hilo damu hulifikia kwa shida. Mfupa unaweza kukaa miezi ndani ya plasta na usiunge. Kwa hiyo mchezaji wa mpira, mkimbiaji, au mtu ambaye kibarua chake ni cha kusimama, mara nyingi hushauriwa kuwekewa skrubu moja nene inayopita katikati ya mfupa kwa urefu. Tundu lake ni dogo, wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake, na mfupa huunga kwa uhakika zaidi. Mtu asiye na haraka bado anaweza kuchagua plasta bila kukanyaga kwa wiki sita au zaidi, mradi ajue kwamba huenda akarudi kupasuliwa baadaye.

Kwa hiyo ukisikia binamu yako alivunjika "mfupa huohuo" akapona bila kisu, muulize alivunjikia wapi hasa.

Na bamba?

Bamba, au pleti kama wengi wanavyoliita wodini, ni la mfupa uliovunjika vipande vingi, ambapo skrubu peke yake haina pa kushika. Hulazwa juu ya mfupa na kufungwa kwa skrubu ndogo kila upande. Kuna mabamba ambayo skrubu hujifunga kwenye bamba lenyewe. Hayo huwafaa wenye mifupa dhaifu, kwa mfano akina mama waliovuka umri wa hedhi.

Gharama yake si pesa tu. Mkato ni mrefu zaidi, na chuma hukaa juu ya mfupa, kwa hiyo unaweza kukisikia chini ya kamba za kiatu au kano ikasuguana nacho. Ukienda Gikomba kutafuta viatu baada ya hapo, tafuta vipana vya mbele na vyenye ulimi laini.

Nilianguka kutoka mjengo nikavunjika kisigino. Daktari mmoja anataka kupasua, mwingine anasema tuache. Nimwamini nani?

Kwanza, kama ulianguka kutoka juu na hujapigwa picha ya mgongo, iombe leo. Karibu mtu mmoja kati ya kumi wanaovunjika kisigino kwa kuanguka huwa na mvunjiko wa uti wa mgongo pia, na maumivu ya mguu huyafunika ya mgongo.

Sasa swali lako. Madaktari hao wawili wanaweza kuwa na haki wote. Kisigino kilichovunjika hadi kwenye kiungo ni mojawapo ya mabishano ya zamani kabisa katika tiba ya mifupa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa 151 kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa na wengine la. Baada ya miaka miwili maumivu na uwezo wa kutembea havikutofautiana kwa maana, huku waliopasuliwa wakipata matatizo mengi zaidi. Wapinzani wa utafiti huo wanasema wale waliovunjika vibaya sana hawakuingizwa, na kwamba kurudisha umbo la kisigino husaidia hata ikibidi kiungo kufungwa miaka ya baadaye.

Njia ya zamani ya kupasua ni mkato mrefu wenye umbo la herufi L pembeni, kisha bamba pana. Daktari huona kila kitu, lakini kona ya ile L hupenda kufa. Baadhi ya ripoti zimetaja matatizo ya kidonda hadi robo ya wagonjwa. Njia inayozidi kupendwa ni mkato mfupi wa sentimita chache chini ya kifundo, na skrubu au bamba dogo likipenyezwa humo. Kidonda hupona vizuri zaidi, ila inahitaji daktari mzoefu, na haifai kila mvunjiko. Muulize daktari wako waziwazi ni mkato upi anaoukusudia, na ameufanya mara nyingi kiasi gani. Si utovu wa adabu.

Msimamo wangu: kama unavuta sigara pakiti kwa siku, una kisukari kisichotulia, na umri umesonga, ningesita sana kabla ya kukubali mkato mrefu. Kama una miaka 28, kisigino kimepanuka na kufupika, na kazi yako ni kupanda ngazi za mjengo, ningetaka daktari aniambie kwa nini asinipasue.

Kuna aina moja isiyongoja. Kipande cha nyuma kikivutwa juu na kano ya kisigino na kuisukuma ngozi kutoka ndani hadi ikawa nyeupe, hiyo ni dharura ya saa, wala si ya siku. Ngozi ile inakufa huku unangoja.

Niliambiwa mguu "umeteguka tu", lakini wiki tatu zimepita na siwezi kukanyaga. Inawezekana umevunjika?

Inawezekana, na hapa ndipo ninapopoteza usingizi kwa niaba ya watu wa boda. Pikipiki ikilala juu ya mguu, au wayo ukikunjika kwenye ubao wa kuwekea mguu, viungo vya katikati ya wayo vinaweza kuachana. Jeraha hili lina jina la Lisfranc, daktari wa upasuaji Mfaransa wa enzi za Napoleon. Hukosekana kwa urahisi kwenye picha ya kwanza kwa sababu mgonjwa alipigwa picha amelala. Akisimama, mifupa ndipo huachana. Dalili ninayowaambia watu waitafute ni michubuko ya rangi ya zambarau chini ya unyayo. Ukiiona hiyo, rudi uombe picha ya kusimama, au skani ya CT.

Likishahama, plasta haitoshi. Chaguo ni tatu. Skrubu zinazopita katikati ya viungo hushika imara, lakini hutoboa gegedu lenyewe, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Bamba linaloruka juu ya kiungo bila kukigusa huliacha gegedu salama, kwa mkato mkubwa zaidi. Chaguo la tatu huwashtua watu: kukifunga kiungo moja kwa moja, mifupa iungane iwe mmoja. Mgonjwa akisikia hivyo hudhani atakuwa kilema. Ukweli ni kwamba viungo vya kidole cha kwanza, cha pili na cha tatu hapo katikati havichezi sana hata ukiwa mzima, kwa hiyo hupotezi mengi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 wenye wagonjwa 41 waliochanika kano bila mifupa kuvunjika sana uligundua kuwa waliofungwa viungo walikuwa na hali bora kuliko waliowekewa skrubu tu. Upande wa kidole cha nne na cha tano ni hadithi nyingine. Pale lazima pabaki pakicheza, kwa hiyo huwekwa nyaya za muda. Usishangae ukitoka na aina mbili au tatu za vyuma kwenye mguu mmoja.

Kwa nini mwingine ana vyuma vya nje kama jukwaa?

Hiyo ni fremu ya nje. Huwekwa mfupa ukitokeza nje ya ngozi, au mguu ukisagwa na gurudumu. Kidonda huoshwa, dawa za kuua vijidudu huanzishwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja ya kufika hospitali, na sindano ya pepopunda hutolewa. Fremu hushika mifupa bila kuweka chuma ndani ya uchafu. Mara nyingi ni ya muda, kisha hubadilishwa.

Chuma cha pua au titani?

Kwa wayo, usikope pesa kwa sababu ya hili. Vyote viwili hufanya kazi. Titani husumbua picha za MRI kidogo kuliko chuma cha pua, na kwa mwenye mzio wa nikeli ni bora. Kuhusu vigunduzi vya chuma vya uwanja wa ndege wa JKIA, skrubu ndogo mara nyingi hupita kimya; kikilia, eleza na uonyeshe kovu.

Nitalipa kiasi gani?

Sitaandika bei, kwa sababu hospitali mbili za Upper Hill zinazotazamana zinaweza kutofautiana sana. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, kwa hiyo hakikisha umesajiliwa na michango yako haina deni. Kisha uliza kama idhini imeombwa, na inagharimia nini. Omba bili iliyogawanywa: chumba cha upasuaji, kitanda, ganzi, na vyuma peke yake. Vyuma ndivyo vinavyoleta mshangao, kwa sababu familia nyingine huambiwa dakika ya mwisho kwamba havikuhesabiwa. Uliza pia gharama ya kuvitoa.

Nina kisukari. Je, njia hubadilika?

Hubadilika sana. Kama mishipa ya fahamu ya nyayo imekufa ganzi, utaukanyagia mguu bila kujua. Madaktari huweka vyuma vingi na vyenye nguvu zaidi, na muda wa kutokanyaga huongezwa hadi karibu mara mbili. Sukari ishushwe kabla ya kisu. Kwa wavutaji sigara, acha sasa hivi na usirudie mpaka mfupa uunge. Kidonda na mfupa vyote huchelewa kwa moshi.

Shangazi anataka anipeleke nikakandwe.

Mwambie asante, lakini la. Kukanda mfupa uliovunjika huuhamisha, na maji ya moto huongeza uvimbe.

Nitatembea lini? Na boda nitarudia lini?

Hutegemea mfupa kuliko chuma. Mwenye nyaya za vidole huweza kukanyagia kisigino ndani ya kiatu kigumu mapema. Skrubu ya Jones, wiki chache. Kisigino na Lisfranc, hesabu wiki sita hadi kumi na mbili bila kukanyaga kabisa, kisha taratibu. Pata magongo yanayokutosha kimo, na ujifunze kuyatumia kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, hasa kama choo chenu kiko nje na mvua za Aprili zimeanza.

Boda watu huwahi kupita kiasi. Mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma, wa kushoto unabadilisha gia, kwa hiyo hakuna mguu usio na kazi. Kipimo changu ni hiki: kama huwezi kusimama kwa mguu huo mmoja na kuinua kisigino bila kushika ukuta, hutaweza kuizuia pikipiki yenye abiria isianguke kwenye taa za Thika Road.

Ni dalili gani zinanitaka nirudi hospitali bila kungoja kliniki?

Usaha au harufu kwenye kidonda, homa, vidole kuwa baridi au vyeusi, maumivu yanayozidi licha ya dawa, au shavu la mguu kuvimba na kuuma. Hiyo ya mwisho, hasa ikiambatana na kukosa pumzi, inaweza kuwa damu iliyoganda. Nenda hata usiku.

Vyuma vitatolewa?

Nyaya, ndiyo, daima. Skrubu zilizopita kwenye viungo vya Lisfranc, madaktari hutofautiana: wengine huzitoa baada ya miezi minne hivi, wengine huziacha hadi zisumbue, na baadhi zitakatika zenyewe ndani bila madhara. Mabamba huachwa, isipokuwa yakisugua kiatu au yakileta usaha. Skrubu ya Jones kwa mchezaji ni vizuri ibaki maadamu bado anacheza, maana mfupa unaweza kuvunjika tena.

Kabla hujatoka hospitali, omba nakala ya ripoti ya upasuaji pamoja na picha zako, na uziweke pamoja na kitambulisho. Vichwa vya skrubu havifanani. Vingine vina pembe sita, vingine umbo la nyota. Miaka mitatu baadaye ukiwa Kisumu au Mombasa na unataka kutolewa vyuma, daktari wa huko atahitaji kujua ni aina gani ili aandae bisibisi inayoingia.